Misuli ya Watoto Wetu Ina Ujumbe: Tusiinyamazishe

Tarehe 15 Agosti mwaka 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, na lakabu ambayo wakazi wake walikuwa wameipa tangu zamani, Mji wa Mabingwa, ikapanda cheo pamoja nayo. Hakuna aishiye hapa asiyeijua sababu ya lakabu hiyo. Kabla ya jua kuchomoza, barabara ziendazo Iten, Kapsabet na Kaptagat hujaa wanariadha wanaokimbia makundi kwa makundi, wengine wakiwa na medali nyumbani na wengine wakiwa na matumaini tu. Mgeni akiona hayo atadhani kwamba watu wa Uasin Gishu wote ni wakimbiaji.

Lakini mgeni huyo na asubiri saa moja tu. Barabara zizo hizo zitajaa matatu, pikipiki na mabasi ya shule yanayowabeba watoto hadi langoni, watoto ambao babu zao walikwenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu. Watoto hao watakaa darasani hadi jioni, watabebwa tena hadi nyumbani, na huko watakaa mbele ya runinga au simu mpaka usiku. Jiji la mabingwa linalea kizazi kinachokaa. Huo ndio mgongano ninaotaka tuutafakari leo, hasa sisi walimu, kwa kuwa baadhi ya ufunguo wake uko mikononi mwetu.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Taaluma yangu ni lugha, si fiziolojia, na msomaji ana haki ya kuniuliza ninatafuta nini katika shamba la wenzangu. Jibu langu ni kwamba wataalamu wa misuli wamelazimika katika miaka hii ya karibuni kuazima msamiati wa shamba langu mimi. Wanazungumza juu ya ujumbe, ishara, mpokeaji na mazungumzo. Wanatueleza kwamba msuli unapofanya kazi hutoa protini zinazosafiri ndani ya damu na kupeleka habari kwenye ini, kongosho, ubongo na, lililo kubwa kwa makala haya, kwenye shahamu ya mwili. Kwa maneno mengine, msuli husema. Na palipo na usemi, mwanaisimu ana ruhusa ya kusimama mlangoni akasikiliza.

Mtambo na ghala

Kwa muda mrefu tulifundishwa, na tukawafundisha wengine, kwamba msuli ni mtambo na shahamu ni ghala. Chakula kikizidi mahitaji, ziada huwekwa ghalani. Mtambo ukifanya kazi, akiba huchukuliwa na kuteketezwa. Hesabu yake ilikuwa ya kujumlisha na kutoa tu. Mtu mnene aliambiwa ale kidogo na atoke jasho jingi, na asipopungua, watu walidhani ni mvivu au mwongo.

Lugha yetu nayo ilikuwa na hesabu zake. Mnyama hunona, ilhali mtu hunenepa. Na mtu aliyenenepa tulimsifu kwamba amenawiri, ana afya, amepata. Kitambi kilisomwa kama cheti cha ukwasi. Katika maneno hayo yote, shahamu ni mali iliyotulia mahali pamoja, kama mahindi ndani ya gunia. Hakuna hata neno moja lililodokeza kwamba gunia hilo lina masikio, wala kwamba mtambo una kinywa.

Dhana ya ghala bubu ilipata pigo mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake huko New York walipogundua homoni iitwayo leptini. Homoni hii hutengenezwa na shahamu yenyewe na kwenda ubongoni kutoa taarifa ya akiba iliyopo. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Kumbe ghala lilikuwa na karani, na karani huyo alikuwa akituma barua makao makuu kila siku.

Upande wa msuli ulichelewa, ingawa dalili zilikuwapo. Mwaka 1961 Maurice Goldstein alitoa hoja kwamba msuli unaofanya kazi hutia katika damu kitu fulani chenye kuathiri matumizi ya sukari mahali pengine mwilini. Kitu chenyewe hakikujulikana. Ilipofika mwaka 2000, watafiti wa Copenhagen nchini Denmark waliwafanyisha watu mazoezi ya mguu mmoja, wakapima damu iingiayo na itokayo katika mguu huo. Waliona kwamba msuli unaofanya kazi humwaga katika damu protini iitwayo intalukini-6. Mwaka 2003 Bente Klarlund Pedersen na wenzake wakapendekeza jina la jumla la protini za namna hiyo: mayokini. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni neno la Kiyunani la msuli, na sehemu ya pili hutokana na kitenzi cha kutia mwendo. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa Kiyunani neno lilo hilo la msuli ni la panya pia; watu wa kale, nadhani, waliutazama msuli ukifurukuta chini ya ngozi wakaona panya.

Nikiwafundisha watoto wetu kwa Kiswahili, ningeziita protini hizi matarishi wa msuli. Kila mwalimu anamjua tarishi: ndiye anayebeba barua kutoka ofisi hii hadi ile. Barua si yake, lakini asipopita, ofisi nzima hulala.

Neno moja, maana mbili

Tarishi wa kwanza kutambuliwa, yaani intalukini-6, alizua mshangao. Madaktari walikuwa wakimfahamu tangu zamani kwa sifa mbaya. Alikuwa akionekana katika damu ya wagonjwa wenye maambukizi makali, na vilevile katika damu ya watu wanene, ambamo kiasi chake huwa juu kidogo mchana na usiku, mwaka hadi mwaka. Shahamu iliyojaa kupita kiasi, hasa ile ya tumboni, humtoa bila kikomo, na uvimbe huo wa chinichini ni mojawapo ya njia za kuelekea kwenye kisukari na maradhi ya moyo. Sasa ikawaje protini hiyo hiyo ipande hata mara 100 katika damu ya mtu anayekimbia marathoni, na mtu huyo awe na afya njema?

Kwa mwanafunzi wa lugha, kitendawili hiki si kigeni. Neno kaa ni la mnyama wa pwani, ni la moto wa jikoni, na ni amri ya kuketi. Sauti ni moja, maana ni tatu, na hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa sababu muktadha humwongoza. Ndivyo ilivyo mwilini. Intalukini-6 itokayo msulini wakati wa mazoezi huja kwa wingi, hufanya kazi yake, kisha hushuka baada ya muda mfupi. Huiambia shahamu iachilie mafuta yatumike, na huliambia ini litoe sukari kwa ajili ya kazi iliyopo. Ile itokayo kwenye shahamu iliyovimba huja kidogo kidogo pasipo kunyamaza, kama jirani anayepiga ngoma usiku kucha. Na masikio yanayopigiwa ngoma usiku kucha mwishowe hayasikii tena.

Kwa hiyo si kweli kwamba kuna protini nzuri na protini mbaya, kama wanavyopenda kusema wauza tembe. Kilicho muhimu ni nani amesema, lini, kwa muda gani, na nani alikuwa akisikiliza.

Jaribio la kumziba mjumbe kinywa

Msomaji mwenye shaka atauliza: je, tuna hakika gani kwamba ni ujumbe huu unaoipunguza shahamu, wala si lile jasho tu? Swali ni zuri, na watafiti wa Copenhagen walilijibu kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2019.

Waliwakusanya watu wazima 53 wenye matumbo makubwa. Baadhi yao walifanya mazoezi ya baiskeli kwa wiki 12, na wengine hawakufanya. Katika kila kundi, baadhi walipewa dawa inayoziba mlango ambao intalukini-6 huingilia katika seli, dawa ambayo kwa kawaida hutumiwa kutibu ugonjwa wa viungo, na baadhi walipewa dripu isiyokuwa na dawa. Wale waliofanya mazoezi bila kuzibwa walipungukiwa na shahamu ya ndani ya tumbo, ile inayozingira matumbo na ini, ambayo ndiyo hatari kuliko zote. Wale waliofanya mazoezi yale yale, wakatoka jasho lile lile, lakini ujumbe wao ukazibwa, shahamu yao ya ndani haikupungua.

Tafadhali, mwalimu, lirudie jambo hili polepole mbele ya darasa lako. Mtambo ulifanya kazi, nishati ikatumika, ila kwa kuwa barua haikufika, ghala la tumboni halikufunguliwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hapa tumeonyeshwa hasara ya kumziba kinywa.

Kuna jaribio jingine, la mwaka 2008, ambalo lilinigusa zaidi kwa kuwa linafanana na maisha yetu. Vijana wanaume 10 wenye afya, waliokuwa na mazoea ya kutembea hatua zaidi ya 10,000 kwa siku, waliombwa wapunguze hadi chini ya 1,500 kwa muda wa wiki mbili. Waliambiwa wapande gari badala ya kutembea na lifti badala ya ngazi. Hawakulazwa kitandani, hawakuugua. Waliishi tu kama anavyoishi mwanafunzi wa leo anayebebwa mlango hadi mlango. Baada ya wiki mbili, shahamu ya ndani ya matumbo yao ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 7. Wiki mbili ni nusu ya likizo ya Aprili katika kalenda tuliyoizoea. Je, miaka 12 ya shule itafanya nini?

Mjumbe anayebishaniwa

Nisingependa msomaji adhani kwamba kila tarishi ametambuliwa na kukubaliwa na wote. Januari 2012 kundi la Bruce Spiegelman wa Chuo Kikuu cha Harvard lilitangaza protini mpya ya msuli, likaiita irisini, kutokana na Iris, mjumbe wa miungu katika ngano za Wayunani, ambaye pia alikuwa ndiye upinde wa mvua. Ilidaiwa kwamba irisini huiendea shahamu nyeupe, ile ya kuweka akiba, na kuifanya ifanane na shahamu ya kahawia, ile ya kuchoma mafuta ili kutoa joto. Shahamu ya kahawia ilikuwa ikijulikana sana kwa watoto wachanga, na mwaka 2009 tafiti kadhaa zilithibitisha kwamba watu wazima nao wanayo. Basi irisini ikapokewa kwa vifijo, na magazeti yakaanza kuota tembe ya mazoezi, ambayo mtu ataimeza huku amelala kitini.

Vifijo havikudumu. Mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba jeni ya protini hiyo kwa binadamu ina kasoro mwanzoni mwake. Jeni huandikwa kwa herufi nne, na neno la kuanzia kusomwa huwa ni ATG. Kwa binadamu jeni hii huanza na ATA, kama sentensi ambayo herufi yake ya kwanza imekosewa, msomaji akawa huiruka mara nyingi. Mwaka 2015 makala moja ya kitaalamu ilidiriki kusema kwamba irisini ni hekaya. Mwaka huo huo kundi la Spiegelman likajibu kwa kuipima damu ya watu kwa mtambo wa kupima uzito wa molekuli, wakaipata irisini: nanogramu 3.6 hivi katika kila mililita kwa watu wasiofanya mazoezi, na 4.3 kwa waliofanyishwa mazoezi. Ipo, basi, ila ni kidogo, na kazi yake katika mwili wa binadamu bado inabishaniwa.

Kuna na mjumbe wa aina nyingine, ambaye wafugaji wa kaunti yetu watamwelewa upesi. Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waligundua mayostatini, protini ya msuli ambayo ujumbe wake ni kuuambia msuli usiendelee kukua. Panya waliozaliwa bila jeni yake walikuwa na misuli iliyozidi ya kawaida maradufu, na baadaye ikaonekana kwamba walikuwa pia na shahamu kidogo. Ng'ombe wa aina ya Belgian Blue, wenye mapaja yaliyofura kana kwamba wamepuliziwa hewa, wana kasoro katika jeni iyo hiyo. Msuli, kama mzee wa baraza, una maneno ya kuhimiza na una maneno ya kukataza.

Nimeyaeleza mabishano ya irisini kwa makusudi. Mwanafunzi aliyezoea kukariri majibu ya mtihani hudhani kwamba sayansi ni kitabu kilichokwisha kuandikwa. La hasha! Sayansi ni baraza. Mtu hutoa hoja, mwenzake huipinga kwa ushahidi, wa tatu hupima tena. Mwalimu anayefundisha habari ya irisini pamoja na ugomvi wake amefundisha masomo mawili kwa kipindi kimoja.

Habari za huku kwetu

Sasa turudi nyumbani, maana habari hii ina mizizi huku kwetu kuliko tunavyodhani. Bengt Saltin, mtaalamu wa Kiswidi wa fiziolojia ya misuli, alikuja Kenya mwaka 1990 pamoja na wenzake kutafuta siri ya wakimbiaji wetu. Waliwapima wanariadha wakubwa, na waliwapima pia wavulana wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Wavulana waliokuwa na mazoea ya kutembea na kukimbia kila siku waliwazidi kwa mbali wenzao waliokaa tu katika uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni, ingawa hawakuwa wakifunzwa riadha. Saltin huyo huyo ndiye aliyeongoza Kituo cha Utafiti wa Misuli cha Copenhagen, kilichoanzishwa mwaka 1994, ambacho Pedersen na wenzake walikuwa wakishirikiana nacho walipolibuni jina la mayokini. Njia ya kutoka Iten hadi Copenhagen ni fupi kuliko ramani inavyoonyesha.

Baada yake walikuja wengine. Mwaka 2004 Henrik Larsen na wenzake walichapisha utafiti wa kuwalinganisha wavulana Wanandi wa mjini na wa kijijini, wakaona kwamba wa kijijini walijishughulisha zaidi na walikuwa na pumzi zaidi. Mwaka 2012 Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya kuwapima vijana wa Kenya wa umri wa miaka 13 hivi, kwa kifaa kidogo kinachohesabu mwendo wa mwili. Wale wa mashambani walikuwa na mwendo mwingi na walikaa muda mchache kuliko wenzao wa mjini, na uzito wao kwa kulinganisha na urefu ulikuwa wa chini. Haya si maneno ya mgeni aliyepita kwa ndege. Ni kazi ya mtaalamu wa chuo chetu, juu ya watoto wetu.

Kwa watu wazima, picha ni ile ile. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ni asilimia 38.5 na kwa wanaume 17.5. Wengi wao hawakuanza safari hiyo wakiwa na miaka 40. Waliianza siku walipoacha kutembea.

Hapa ni lazima niseme neno la tahadhari, lisije likaonekana nimeificha hoja ya upande wa pili. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wahadza, wawindaji na wachuma matunda waishio kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Waliwapima watu wazima 30. Wahadza hutembea kilomita nyingi kila siku, na wanene miongoni mwao ni adimu. Lakini jumla ya nishati waliyoitumia kwa siku, ikilinganishwa na ukubwa wa miili yao, haikuzidi ile ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Hesabu ya mtambo na ghala ilikataa kukubali!

Wapo waliolichukua jambo hili kuwa ni ruhusa ya kukaa. Mimi naona kinyume chake. Ikiwa mazoezi hayaongezi sana jumla ya nishati itumikayo, na bado yana manufaa makubwa namna hii, basi manufaa hayo hayawezi kuwa ya kuteketeza mafuta pekee. Lazima yawe pia katika ujumbe unaopelekwa: uvimbe unaotulizwa, shahamu ya ndani inayoambiwa ifunguke, sukari inayopokewa vyema. Funzo la pili la Wahadza ni kwamba mazoezi hayafuti makosa ya chakula. Mtoto akishindiliwa soda, chipsi na mandazi siku nzima, misuli yake itasema hadi ichoke. Chakula kina kazi yake na mwendo una kazi yake. Hakuna mmoja anayeweza kusimama mahali pa mwenzake.

Kipindi kilichoporwa

Turejee shuleni. Kila aliyesoma chini ya mfumo wa 8-4-4 anajua kilichokuwa kikitendeka. Kipindi cha elimu ya viungo kilikuwa kwenye ratiba, kimeandikwa kwa wino, na mkaguzi akija alionyeshwa. Lakini kwa kuwa hakikutahiniwa, hisabati ilikiazima wiki hii, kemia wiki ijayo, na kabla muhula haujafika katikati kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya wengine. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umekuja na ahadi nyingine, na katika baadhi ya viwango michezo imeunganishwa na sanaa. Ahadi hiyo nzuri bado iko mikononi mwa yule yule mwalimu mwenye silabasi isiyokwisha na mzazi anayeuliza alama. Tabia ya kuazima kipindi haifutwi na mtaala mpya.

Naijua hoja ya mwenzangu mwalimu: mtihani hauulizi mbio. Ni kweli. Lakini na ajue kwamba misuli hutuma barua ubongoni pia. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kukimbia huongeza katika damu protini ya msuli iitwayo kathepsini B. Panya waliokosa protini hiyo hawakupata nafuu ya kumbukumbu ambayo wenzao waliipata kwa kukimbia. Na kwa watu waliofanyishwa mazoezi kwa miezi minne, kupanda kwa protini hiyo kulikwenda sambamba na kumbukumbu iliyo bora. Kipindi cha michezo kinachoporwa ili kufundisha hisabati huenda kilikuwa kikiisaidia hisabati.

Naijua pia hoja ya mzazi. Barabara zetu ni za hatari, pikipiki hazina breki wala huruma, na mzazi mwenye uwezo wa kulipa basi hana haja ya kumwacha mtoto atembee kando ya lori. Tena nisijifanye kusifu umaskini. Yupo mtoto katika kaunti zetu anayetembea masafa marefu akiwa na njaa, akafika shuleni amechoka na akafika nyumbani giza limeingia. Huyo hahitaji kuhubiriwa faida za mwendo. Anahitaji shule iliyo karibu na uji wa saa nne. Ninayemtetea leo ni yule mwingine, ambaye tumemwondolea shida ya njia bila kumpa kitu badala yake. Mtoto huyo anazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka, na jiji likikua ataongezeka zaidi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mwendo wa nguvu kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Dakika 60 hazihitaji uwanja wa Kipchoge Keino wala viatu vya bei. Zinahitaji mwalimu mkuu anayekilinda kipindi cha michezo kama anavyokilinda kile cha Kiingereza. Zinahitaji mapumziko ambayo watoto wanaruhusiwa kukimbia badala ya kuamriwa wakae wamalize kunakili. Zinahitaji kamba za kuruka na mpira wa makaratasi. Zinahitaji kwamba wasichana wasiambiwe wakae kivulini wavulana wakicheza, maana msuli wa msichana nao una ujumbe wa kupeleka. Kaunti nayo ina deni la njia za waendao kwa miguu, pana na salama, katika jiji linalojigamba kwa miguu ya watu wake.

Na hapa nasema na walimu wa sayansi na wa Kiswahili kwa pamoja. Tuwafundishe watoto elimu hii kwa lugha wanayoielewa. Mtoto akijua kwamba kila anaporuka kamba anatuma matarishi katika mwili wake, na kwamba shahamu, ini na ubongo wake vinasubiri barua, hatahitaji fimbo ili aende uwanjani. Elimu iliyofichwa katika lugha ya wachache huponya wachache.

Wazee wetu hawakuijua intalukini wala irisini, lakini walisema samaki mkunje angali mbichi. Msuli wa mtoto wa miaka kumi ungali mbichi. Tukiuzoeza kusema, huenda ukaendelea kusema hata uzeeni. Tukiunyamazisha leo kwa ajili ya ukurasa mmoja zaidi wa marudio, atakapofika miaka 40 ataandika barua zile zile kwa daktari wa kisukari. Muhula ujao ratiba zitabandikwa upya katika kila shule. Mwalimu, kitafute kipindi cha michezo katika ratiba yako, na usikubali mtu akiazime.